Kuponya na Kuuguza: Mgonjwa na Mwenzi Wake katika Fasihi ya Pwani

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa katika mazungumzo, hali maana zake zimeachana tangu asili: kuponya na kuuguza. Kuponya hutokana na kupona, na mwenye kuponya ni yule anayemfanya mgonjwa apone. Kuuguza hutokana na kuugua. Lakini mwenye kuuguza hamfanyi mtu augue, bali hukaa naye katika kuugua kwake, akamgeuza ubavu, akamnywesha uji, akamfukuzia nzi, akakesha akisikiliza pumzi zake. Kitenzi cha kwanza kina ahadi ndani yake, na ahadi hiyo isipotimia kazi yote huhesabiwa kuwa imeshindikana. Kitenzi cha pili hakina ahadi yoyote. Mtu aweza kuuguza vizuri hata mgonjwa akafa, wala hapana atakayesema kwamba hakuuguza. Basi waliounda lugha hii walijua ya kuwa kando ya kazi ya tabibu ipo kazi nyingine, na ya kuwa kazi hiyo haikomi pale dawa zinapokoma.

Jambo la kuulizwa ni kama fasihi ya Kiswahili imeijua tofauti hii kwa kadiri ile ile lugha yenyewe ilivyoijua. Swali hili si la kupitishia wakati. Na ichukuliwe kwa mfano nyumba yoyote ya Mkange, kata iliyo kaskazini ya Mto Wami katika Wilaya ya Bagamoyo, mahali ambapo Wadoe na Wazigua wamelima kwa vizazi vingi. Mke ameona damu isiyo ya siku zake. Amekwenda zahanati, kisha Bagamoyo mjini, kisha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo kiini chake ni hospitali iliyojengwa ufukweni na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo sheria iliifanya taasisi ya saratani mwaka 1996. Hapo akaambiwa kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, nayo imekwisha kuvuka mipaka yake. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote, na wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kukomaa. Chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Lakini chanjo ni habari njema ya binti, si ya mama.

Tangu saa hiyo mume na mke wana mizani mbele yao. Mionzi ya kutafuta kuponya hutolewa siku tano katika juma, kwa muda wa majuma matano hivi au zaidi, na mara nyingi huandamana na dawa za mshipani. Mtu wa Mkange hawezi kwenda na kurudi kila siku. Lazima akae mjini, kwa ndugu au kwa kupanga, naye mwenziwe aache shamba. Kichefuchefu, uchovu, kuungua kwa ngozi na kuharisha huja pamoja na tiba. Kama ugonjwa ungali na nafasi ya kushindwa, gharama hiyo ina maana. Kama nafasi hiyo imepita, ipo mionzi ya namna nyingine, ya mara moja au mara chache tu, isiyokusudiwa kuponya, bali kukomesha damu na kutuliza maumivu ya mifupa, kisha mgonjwa akarudi nyumbani kwake. Nani atakayesema ipi ichaguliwe? Daktari ataeleza, lakini mwenye kuchagua huchagua kwa maneno aliyonayo moyoni, na maneno hayo yametoka katika hadithi alizosimuliwa, mashairi aliyosikia, na methali alizolelewa nazo. Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapokuwa na kazi ya kufanya.

Kisa maarufu kuliko vyote vya mume, mke na ugonjwa katika pwani hii ni kile cha Nabii Ayubu, kilichotungiwa utendi wa zamani. Alice Werner aliuchapisha katika jarida la London mwanzoni mwa miaka ya 1920, na J. W. T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi uliotoka mwaka 1971. Muhtasari wa kisa wajulikana. Ayubu alikuwa tajiri na mcha Mungu. Akaondokewa na mali, kisha watoto, kisha afya ya mwili wake. Watu walimkimbia. Aliyebaki ni mkewe, ambaye mapokeo humwita Rehema. Mwanamke huyu ndiye aliyefanya kibarua katika nyumba za watu ili apate chakula cha mumewe, na katika masimulizi mengi ya Kiislamu hufika hata kutoa nywele zake kwa mkate. Mwisho wake umo katika Kurani, Sura ya 38: Ayubu aliamriwa apige ardhi kwa mguu, maji yakatoka ya kuoga na ya kunywa, akapona, na watu wake akarudishiwa.

Uzuri wa kisa hiki ni mkubwa, nao si wa kubezwa. Katika fasihi ambamo mke aghalabu hupewa mafundisho kuliko kupewa matendo, Rehema hutenda. Yeye si pambo la subira ya mumewe; ndiye miguu na mikono ya subira hiyo. Aidha kisa kinajua habari za kuuguza ambazo visa vingi havizijui: harufu ya vidonda, aibu ya kuombaomba, uchovu wa yule asiyeugua lakini halali. Tena kinajua kwamba ugonjwa mrefu huwagombanisha hata wapendanao. Ayubu aliapa kumpiga mkewe mapigo mia atakapopona, na Mungu akamfundisha njia ya kukitimiza kiapo chake kwa kicha kimoja cha majani, bila ya kumuumiza. Msikilizaji aliyepata kumuuguza mwenziwe huielewa habari hiyo mara moja. Hasira ya mgonjwa humwangukia aliye karibu, nayo huhitaji njia ya kutoka isiyovunja kitu.

Lakini mwisho wa kisa una hatari yake kwa mtu wa leo. Rehema huvumilia na Ayubu hupona. Na kwa kuwa mambo haya mawili hufuatana katika usimulizi, sikio huyapokea kana kwamba la kwanza limezaa la pili. Mwanachuoni atasema sivyo, kwamba Ayubu alipona kwa amri ya Mungu na kwamba subira ilikuwa ibada, wala haikuwa bei. Naam, ndivyo. Hata hivyo, msikilizaji wa kawaida hutoka barazani akiwa na kanuni moja: mke mwema hachoki, na mgonjwa wa mke mwema hupona. Kanuni hiyo ikiingia katika nyumba ya saratani iliyoenea hugeuka kuwa hukumu. Mume anayesema kwamba safari za hospitali zitoshe huonekana amechoka mapema kabla ya maji kububujika. Mke anayesema anataka kulala kwake huonekana amekata tamaa ya rehema ya Mola. Na akifa, aliyebaki hujiuliza maisha yake yote ni siku ngapi zilikuwa zimebaki kabla ya muujiza. Utendi wa Ayubu, basi, ni mwalimu mkubwa wa kuuguza. Lakini humalizia somo lake kwa kuponya, na hivyo hufuta nusu ya yale uliyokwisha kufundisha.

Methali nazo zimeshiriki katika jambo hili, na hazisemi neno moja. Ipo isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo ni methali ya zahanati kwa hakika, nayo ingesikilizwa wanawake wengi wangefika mapema. Lakini hutazamwa upande mmoja tu, yaani mgonjwa asiwafiche watu. Mara chache huulizwa upande wa pili, kwamba watu nao wasimfiche mgonjwa. Katika familia nyingi za pwani, na za bara pia, karatasi ya daktari husomwa na kaka, shemeji na mjomba, na mgonjwa akaambiwa ni kidonda tu, kitapona. Husemwa kwamba ni huruma. Yamkini ni huruma. Lakini ni huruma inayomnyang'anya mtu siku zake. Kwani asiyejua kwamba muda ni mfupi hawezi kuutumia kama muda mfupi.

Ipo nyingine: mgonjwa haulizwi uji. Katika maana yake ya asili methali hii ina adabu njema. Mwenye kumpenda mgonjwa hangoji kuombwa, hupika akamletea. Lakini methali, kama kisu, hukata hata kile isichokusudiwa kukata. Imetoka katika uji ikaingia katika mambo yote, hata imekuwa mgonjwa haulizwi dawa, haulizwi safari, haulizwi kama anataka kuchomwa sindano ya saba au kutazama mvua ya masika ikianguka juu ya paa lake. Uji ukiwa si wa kupendeza, hasara ni bakuli moja. Majuma matano ya mionzi yakiwa si ya kupendeza, hasara yaweza kuwa theluthi ya umri uliobaki. Kuna mambo ambayo kutoyauliza ni mapenzi, na kuna mambo ambayo kutoyauliza ni dhuluma. Na methali ya tatu, kwamba mfa maji hukamata maji, hueleza kwa usahihi kabisa hali ya nyumba inayohama kutoka hospitali kwenda kwa mganga, na kutoka kwa mganga kwenda kwa muuza dawa wa stendi, huku kiunga cha minazi na mbuzi wa mwisho vikiuzwa. Haimlaumu anayezama. Humwonea tu, kwamba alichokishika hakishikiki.

Dhidi ya Ayubu anayepona yafaa kumweka mwanamke ambaye jina lake lenyewe lilikuwa kupona, naye hakupona. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, naye alifariki miaka michache tu baadaye. Kwa zaidi ya karne moja utendi huo umesomwa kama kitabu cha adabu za mke: jinsi ya kumpokea mume, kumtunza, kutunza nyumba na ulimi. Wahakiki wa zamani waliusifu kwa hayo, na wahakiki wa baadaye wakaulaumu kwa hayo hayo. Pande zote mbili zimepita haraka juu ya mwanzo wake. Maana mtungaji haanzi na mume. Huanza na maradhi. Humweleza binti yake kwamba ugonjwa umemshika mwaka mzima na kwamba katika mwaka huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Basi humwita aje karibu na wino na karatasi.

Hayo ni maneno machache, lakini yana uamuzi ndani yake. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa ulimezwa na ugonjwa. Ule uliobaki hautamezwa. Mwana Kupona hasemi kwamba ameacha dawa, wala hasemi kwamba amekubali kufa. Mwisho wa utendi wake ni dua ndefu, na mwenye kuomba hajafunga mlango. Anachofanya ni kuyatenganisha mambo mawili ambayo ugonjwa hupenda kuyafunga pamoja: kungoja kupona, na kuishi. Anaweza kungoja la kwanza huku akifanya la pili. Ana kazi moja asiyotaka kufa kabla ya kuifanya, anaijua, anaisema, na aliye karibu naye anatii kwa kuleta wino. Kwa maneno ya leo, amehesabu si siku zake tu bali ni za nini. Na beti zaidi ya mia moja zilizobaki ni ushahidi kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, kwani dawa alizokunywa zimesahauliwa zote, na alichosema kingali kinasomwa.

Hata hivyo, haifai kumsifu Mwana Kupona kiasi cha kuficha fundo lililo katikati ya utendi wake. Humfundisha binti yake kwamba mwanamke hahitaji kuokoka ila kwa radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Mafundisho haya yakichukuliwa kitandani kwa mgonjwa wa Mkange huzaa swali gumu. Mume anataka mke aendelee na tiba, kwa kuwa hawezi kuvumilia fikra ya nyumba bila yeye. Mke amechoka. Je, akikataa amevunja radhi ya tano? Au kinyume chake: mume na ndugu zake wamekata shauri arudishwe nyumbani, na mke anataka kujaribu mara moja zaidi, kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho ambaye hajaanza shule. Je, anyamaze? Utendi haujibu, kwa kuwa mtungaji alikuwa mjane alipoutunga. Juu ya kitanda chake hapakuwa na radhi ya tano ya kungojwa. Labda ndiyo sababu alisema kwa uhuru namna ile. Waradhi wote watano wametajwa isipokuwa mmoja: mgonjwa mwenyewe. Lakini alichokiacha katika mafundisho amekionyesha katika kitendo, kwani utendi mzima ni sauti ya mgonjwa asiyengoja kuulizwa. Msomaji wa haki atayachukua yote mawili, na pale yanapogombana atakumbuka kwamba muungwana ni kitendo.

Upande wa mwenzi anayebaki, jina la kwanza kutajwa ni la Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika maandishi ya maisha yake aliweka shairi la maombolezo ya mkewe Amina, nalo ni miongoni mwa mashairi ya Kiswahili yanayokumbukwa na watu wengi waliopita shuleni. Nguvu ya shairi hilo ni kwamba mume humsemesha mke moja kwa moja, kama mtu aliyetangulia njiani, wala hajitafutii fahari katika huzuni. Hapana katika Kiswahili mfano ulio bora zaidi wa mwanamume anayekiri kwa watu wote kwamba alimpenda mkewe na kwamba amevunjika. Lakini shairi linaanzia pale kifo kilipokwisha kupita. Maombolezo hayaulizi ilikuwaje wakati mambo yalipokuwa bado yanaweza kugeuzwa huku au kule. Huo si upungufu wa mshairi, kwani ni desturi ya bahari yake. Ni upungufu wa wale waliomfuata, ambao walijifunza kwake kulia na hawakujifunza kurudi nyuma hatua moja kabla ya kilio.

Kwa hiyo ramani ya fasihi hii ina pengo mahali panapojulikana. Tuna mwanzo, yaani Rehema akibeba mzigo. Tuna mgonjwa akisema peke yake, yaani Mwana Kupona. Tuna mwisho, yaani mume akilia. Kinachokosekana ni katikati: mume na mke wamekaa, taa imepunguzwa, watoto wamelala, na mmoja amwambie mwenziwe lile ambalo wote wawili wanalijua. Hata riwaya ya siku hizi haijapajaza vya kutosha. Ugonjwa uliowashughulisha waandishi tangu miaka ya 1980 ni UKIMWI, na kazi kubwa zimeandikwa juu yake, kama *Ua la Faraja* ya William Mkufya ya mwaka 2004, ambayo jina lake hutaja faraja na si tiba. Saratani bado inangoja mwandishi wake.

Ili kuona pengo hilo lingeweza kujazwaje, inafaa kutupa jicho nje. Mwaka 1886 Mrusi Tolstoy alitoa kisa cha hakimu mmoja, Ivan Ilyich, anayekufa polepole kwa ugonjwa wa ndani. Mkewe humletea madaktari, humkaripia kwa kutokunywa dawa kwa saa yake, na kwa matendo hayo hutimiza kila kitu ambacho jirani angemdai mke kutimiza. Lakini kinachomtesa mgonjwa kuliko maumivu ni uongo uliomzunguka, kwamba yeye ni mgonjwa tu na si mtu anayekufa. Anayempunguzia mateso ni Gerasim, mtumishi wa shamba, ambaye huketi akiinua miguu ya bwana wake kwa muda mrefu kwa sababu humpa nafuu, na ambaye peke yake hasemi uongo. Mke alitafuta kuponya na akamwacha mumewe peke yake. Gerasim hakuponya kitu, akauguza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuielewa tofauti hiyo, kwani lugha yake imekwisha kumpa maneno yake. Ni ajabu kwamba maneno tunayo sisi, na kisa wanacho wengine.

Elimu ya tiba nayo ilichelewa kuyafikia maneno hayo. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua London hospitali ya St Christopher's kwa ajili ya wale wasiotazamiwa kupona, akafundisha kwamba maumivu yao yana mlango zaidi ya mmoja: mwili, moyo, jamaa na imani. Afrika ya Mashariki iliipokea kazi hiyo Nairobi mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993, ambako Anne Merriman alianzisha utaratibu wa mofini ya maji, dawa rahisi ya kunywa ambayo mgonjwa aweza kupewa nyumbani kwake na jamaa zake. Na kuanzia mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Upande wa kaskazini ya Saadani, huko Muheza, huduma ya namna hiyo iliingia mapema katika karne hii. Na wale wanaodhani kwamba kutuliza ni jina jingine la kukata tamaa wana jambo la kutafakari. Mwaka 2010 madaktari wa Massachusetts General, mjini Boston, walitangaza habari za wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Waliopewa huduma ya kutuliza mapema, pamoja na tiba ya kawaida, walikuwa na hali bora, walitibiwa kwa ukali mdogo mwishoni, na juu ya hayo waliishi zaidi: kwa kadiri ya kati miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9.

Tanzania imeipa huduma hiyo jina la tiba shufaa. Jina hili lastahili kuangaliwa na wapenda lugha. Sikio la pwani hulisikia neno shifaa, yaani afya au dawa. Lakini lililoandikwa ni shufaa, ambalo katika dini ni uombezi wa mwenye cheo kwa ajili ya mnyonge siku ya hukumu. Iwe limeundwa kwa makusudi au kwa bahati, jina limepata maana iliyo sawa. Mwenye kufanya kazi hii husimama upande wa mgonjwa akamwombea mbele ya maumivu, mbele ya madaktari, na wakati mwingine mbele ya jamaa zake mwenyewe. Kwa jina hilo Kiswahili kimeiita kazi hii vizuri kuliko lugha nyingi.

Wala dini hazikatazi, ijapokuwa mara nyingi husingiziwa. Hadithi ya Mtume inayoamuru waja wajitibu, kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, ina kitu kimoja ilichokitoa, nacho ni uzee. Maana yake ni kwamba tangu mwanzo ilikubaliwa kuna mahali ambapo dawa hufika ukingoni. Kwa upande wa Wakristo, ambao misheni yao ilifika Bagamoyo mwaka 1868, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kushika njia za tiba zilizo nzito kupita kawaida, na kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa hiyo yaweza kufupisha maisha, maadamu kifo sicho kinachokusudiwa. Msikiti na kanisa, basi, vimeacha nafasi kwa mizani ya mume na mke. Ni desturi na hofu ndizo zilizoijaza nafasi hiyo.

Lakini hapa lazima uhakiki ujihadhari na kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa huvaa mavazi ya hekima. Mtu wa mji mkubwa, aliye karibu na mashine, akisema basi, natosheka, amechagua. Mtu wa Mkange akisema maneno hayo hayo, yamkini hakuchagua kitu. Yamkini nauli ilikwisha, au aliyempokea mjini alichoka, au mvua iliharibu njia. Tumwache apumzike ni sentensi nzuri, na ndani yake waweza kufichwa umaskini, uvivu wa ndugu, hata hesabu ya mashamba. Mwandishi atakayepaandika mahali hapa akaimba uzuri wa kufa nyumbani chini ya mwembe, bila ya kutaja chupa ya mofini ambayo haikufika, atakuwa amesema uongo kama ule wa nyumba ya Ivan Ilyich. Kufa nyumbani kwa maumivu yasiyotulizwa si adabu ya wahenga. Ni kunyimwa mara mbili, kwanza tiba na kisha kituo. Uchaguzi huwa uchaguzi pale tu njia zote mbili zipo wazi, na aliye kitandani amezijua zote mbili kwa majina yake.

Kazi ya fasihi katika jambo hili, basi, si kumwambia mtu achague lipi. Yule atakayekaa mjini majuma matano kwa matumaini madogo aweza kuwa na haki yake, na yule atakayerudi kusikiliza ndege wa asubuhi wa Mkange aweza kuwa na haki yake. Ipo tofauti kubwa baina ya wake wawili wanaokufa miezi ileile, mmoja aliyeulizwa na mmoja asiyeulizwa, ingawa vitabu vya hospitali vitawaandika sawa. Fasihi ndiyo inayoweza kuiandika tofauti hiyo. Ikiwa Utendi wa Ayubu umetufundisha kutomkimbia mgonjwa, na Mwana Kupona ametuonyesha kwamba mgonjwa ana neno, na Shaaban Robert ametupa ruhusa ya kumlilia mke hadharani, vipande vyote vya kisa kinachokosekana vimekwisha kuchongwa. Imebaki kuviunga, kwa Kiswahili cha watu wanaozungumza usiku kwa sauti ndogo. Siku kisa hicho kitakapoandikwa, nyumba moja itapata maneno iliyokuwa haina. Na mume, badala ya kumletea mkewe uji bila ya kuuliza, atauweka chini kidogo, aketi, na kumwuliza anataka nini.